Kifua cha Mwanamume Uvira: Lini Kisu, Lini Subira

Katika mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo, pwani ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika haifichi kifua cha mwanamume. Wavuvi wanaorudi alfajiri na ndagala, wabeba mizigo wa bandari ya Kalundu, vijana wanaooga ziwani jua likizama nyuma ya milima ya Mitumba: wote wako kifua wazi. Aliyeota matiti hapo ana njia mbili, kuvumilia midomo ya watu au kufanya kazi ya maji akiwa na shati lililolowa. Wengi huanza na shati, kisha huacha kwenda ziwani. Anayefika hospitalini, mara nyingi baada ya miaka ya kujificha, huwa na swali moja: mnaweza kukata?

Kukata kunawezekana. Hali hiyo, ambayo madaktari huiita jinekomastia, imepasuliwa kwa zaidi ya miaka elfu moja, na upasuaji wake wa kawaida unahitaji chumba safi, ganzi, uzi na mkono uliozoea. Jimbo la Kivu Kusini halikosi mikono ya namna hiyo. Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Denis Mukwege, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2018, imejenga sifa yake kwa kurekebisha majeraha yaliyo magumu kuliko kazi ya kuondoa tezi iliyo chini ya chuchu. Katika hospitali kuu za rufaa za Kongo, madaktari wasio mabingwa hupasua ngiri na kuzalisha kwa upasuaji mchana na usiku.

Tatizo liko pande mbili za kisu. Kabla yake kuna kazi ya kutofautisha uvimbe na uvimbe. Baada yake kuna kazi ya kuisoma nyama iliyotolewa. Mahali ambapo kazi hizo mbili ni dhaifu, hata daktari mwenye mkono mzuri atawakata wasiohitaji kukatwa na kuwachelewesha waliohitaji kukatwa jana.

Vidole kabla ya kisu

Kifua cha mwanamume hujaa kwa sababu kuu tatu, na chini ya shati zote tatu hufanana. Ya kwanza ni tezi: kisahani cha nyama ngumu kiasi, kilichokaa katikati chini ya chuchu, kinachosogea kikisukumwa, na ambacho katika miezi ya mwanzo huuma kikiguswa. Ya pili ni mafuta matupu, laini, yasiyo na kisahani ndani yake, kwa mtu aliyenenepa. Ya tatu ni saratani.

Kuzitenganisha hakuhitaji umeme. Mgonjwa hulala chali, mikono nyuma ya kichwa. Mpimaji huweka kidole gumba upande mmoja wa titi na cha shahada upande wa pili, kisha huvileta taratibu kuelekea chuchu. Vikigonga kisahani kabla ya kufika, hiyo ni tezi. Vikifika bila kugonga kitu, ni mafuta. Vikikuta donge gumu lililokaa pembeni ya chuchu, hasa la upande mmoja, au chuchu iliyovutwa ndani, kidonda kwenye ngozi, damu inayotoka chuchuni, au tezi zilizovimba kwapani, basi mazungumzo ya sura na aibu yanaishia hapo, yanaanza mengine. Ekografia husaidia pale vidole vinapoacha shaka, lakini hukumu nyingi hupatikana kabla ya mashine kuwashwa.

Kisha mkono unapaswa kushuka hadi kwenye korodani, hatua inayorukwa kwa sababu mpimaji na mpimwaji wote wanaona haya. Kijana aliyeota matiti ghafla anaweza kuwa na uvimbe wa korodani unaotoa homoni; kumwondolea tezi ya kifuani na kuuacha uvimbe huo ni kumtibu dalili na kumwachia ugonjwa. Korodani ndogo na ngumu kwa mtu mrefu asiyepata watoto huashiria hali ya Klinefelter, inayopatikana kwa takribani mwanamume mmoja kati ya 600, ambaye amezaliwa na kromosomu X ya ziada. Hatari yake ya saratani ya titi iko juu ya ile ya wanaume wengine. Korodani zilizosinyaa baada ya matubwitubwi au ukoma hueleza kifua bila haja ya kutafuta zaidi.

Umri unaojieleza

Mwili wa mwanamume hutengeneza pia estrojeni, ile homoni tunayoihusisha na wanawake. Kawaida testosteroni huizidi nguvu. Uwiano huo ukivurugika, kwa estrojeni kupanda au testosteroni kushuka, tezi ya kifuani ambayo kila mwanamume amezaliwa nayo huamka.

Kuna vipindi vitatu ambavyo uwiano huvurugika wenyewe. Mtoto mchanga, wa kiume kwa wa kike, huweza kuvimba matiti kwa homoni za mama yake na hata kutoa tone la maziwa. Hali hiyo huisha kwa wiki chache, isipokuwa pale bibi au mkunga anapoyakamua "yasije yakakua". Kukamua huko ndiko huingiza vijidudu na kuleta jipu, na jipu ndilo huhitaji kupasuliwa. Kipindi cha pili ni balehe. Karibu nusu ya wavulana, na kwa vipimo vingine zaidi, huota tezi kati ya miaka 12 na 15. Kwa walio wengi hunywea ndani ya miaka miwili. Cha tatu ni uzee, testosteroni ikipungua na mafuta ya mwili yakiongezeka, kwa kuwa mafuta yenyewe hugeuza testosteroni kuwa estrojeni.

Kutokana na hayo kanuni ya kwanza ni rahisi: mvulana wa miaka 14 hakatwi. Anapimwa, anaelezwa pamoja na mzazi wake, na anapewa tarehe ya kurudi baada ya miezi sita. Maelezo hayo ni tiba kamili, kwa sababu kinachomtesa ni hofu ya kwamba anageuka mwanamke, na hofu hiyo hupungua siku anapoambiwa kwamba wenzake wengi darasani wana hali hiyo hiyo na wanaificha. Tezi ikivuka miaka miwili, au ikibaki kubwa baada ya miaka 17 au 18, ndipo kisu kinapoingia kwenye mazungumzo.

Vidonge, ini na shibe

Kwa mtu mzima, swali la kwanza la muuguzi wa kituo cha afya linapaswa kuwa: "Papa, dawa gani unakunywa?" Katika ukanda huu jibu la swali hilo hufumbua mafumbo mengi.

Kwa miaka kadhaa dawa ya efavirenzi ilikuwa ndani ya kidonge kimoja cha kila siku cha wanaoishi na virusi vya UKIMWI barani Afrika. Miongoni mwa madhara yake ni kuotesha tezi ya kifuani kwa baadhi ya wanaume, wakati mwingine upande mmoja tu, miezi mingi baada ya kuianza. Kuanzia 2018 na 2019 Shirika la Afya Duniani lilielekeza nchi kwenye dolutegraviri, na kundi la wagonjwa hao limepungua. Lakini dolutegraviri nayo huongeza uzito kwa baadhi ya watu, na mtu aliyenenepa kifua huweza kudhani tezi imerudi. Vidole hutatua shaka hiyo.

Isoniazidi ya kifua kikuu, ketokonazoli ya vidonge, simetidini ya vidonda vya tumbo, digoksini ya moyo, haloperidoli ya magonjwa ya akili: zote zimo kwenye orodha. Nyingine hununuliwa farmasi bila cheti cha daktari. Dawa ikibadilishwa mapema, tezi changa hunywea. Lakini mgonjwa asiachishwe kidonge cha kifua kikuu au cha virusi kwa sababu ya kifua. Kubadilisha ni kazi ya aliyemwandikia.

Ini ni mlango mwingine mpana. Homa ya ini aina ya B, kanyanga ya miaka mingi, na kichocho cha tumbo kinachoambukizwa kwenye maji ya maziwa yetu, vyote huliumiza kwa njia zake. Ini lililosinyaa hushindwa kuiondoa estrojeni mwilini. Kichocho peke yake huacha chembe za ini zikifanya kazi kwa muda mrefu, hata pale kovu linapoziba mishipa na wengu kuvimba. Kikiungana na homa ya ini B au pombe, hali hubadilika. Mgonjwa wa ini tumbo likijaa maji hupewa spironolaktoni ili kuyapunguza, na dawa hiyo huzuia kazi ya testosteroni. Matiti yake yanakuzwa na ugonjwa na tiba kwa pamoja. Kumpasua ni kumhatarisha: damu yake haigandi vizuri na kidonda chake hakifungi upesi. Heri abadilishiwe dawa, na macho yabaki kwenye ini.

Mlango wa mwisho haukutarajiwa hadi Vita Kuu ya Pili. Baadhi ya wafungwa waliotolewa kwenye kambi za Wajapani waliota matiti wakati wa kupona, walipoanza kula vizuri. Njaa kali huzima mfumo wa homoni za uzazi. Chakula kinaporudi, mfumo huwaka upya kana kwamba mwanamume anabalehe mara ya pili. Katika pwani ambayo watu wameikimbilia mara kwa mara wakitoroka vita kutoka Fizi, nyanda za juu na bonde la Ruzizi, muuguzi anayelijua jambo hili atamuuliza mwanamume aliyetoka porini alikuwa akila nini mwaka jana. Tezi ya shibe huondoka yenyewe, kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Kisu chenyewe

Ukiondoa hao wote, wanabaki wachache: tezi yao imekaa zaidi ya mwaka, sababu haionekani au imeshaondolewa, na maisha yao yamekwama kwa ajili yake. Muda wa mwaka una maana. Tezi changa ni laini na yenye damu nyingi; tamoksifeni, miligramu 10 hadi 20 kwa siku kwa miezi mitatu hadi sita chini ya uangalizi wa daktari, huweza kuifanya inywee na hasa kuondoa maumivu. Baada ya miezi 12 hivi tezi hugeuka kovu gumu. Dawa haziliyeyushi kovu, wala mazoezi ya kunyanyua vyuma, wala kupunguza uzito. Hapo kisu ndicho tiba.

Historia yake ni ndefu. Katika karne ya 7 Paulo wa Aegina, tabibu aliyeandika kwa Kigiriki, alieleza mkato wa mwezi mchanga chini ya titi na kuondoa mafuta yaliyo ndani, akitaja aibu ya kufananishwa na mwanamke kuwa sababu inayotosha. Al-Zahrawi wa Kordoba, aliyefariki mwaka 1013, aliieleza operesheni hiyo katika kitabu chake cha At-Tasrif, pamoja na mikato miwili inayokutana kwa titi lililolegea. Mwaka 1946 Mmarekani Jerome Webster alieneza mkato wa nusu duara kwenye ukingo wa ngozi nyeusi inayozunguka chuchu. Mwaka 1973 Simon na wenzake waligawa hali hii kwa ukubwa: uvimbe mdogo bila ngozi ya ziada, wa kati bila ngozi ya ziada au wenye kiasi, na mkubwa wenye ngozi inayoning'inia. Mwaka 1983 Teimourian na Perlman walileta ufyonzaji wa mafuta kwa mrija.

Kwa Uvira, mkato wa Webster ndio wenye faida kubwa, na sababu yake ni ngozi yetu. Katikati ya kifua ni mahali panapoota makovu manene yanayowasha na kukua kupita kidonda, hasa kwa watu weusi. Ukingo wa chuchu hupona kwa kovu jembamba lililojificha mpakani mwa rangi mbili. Hivyo tezi ndogo na ya kati hutolewa hapo, kwa ganzi iliyochanganywa na adrenalini au kwa ketamini, na mgonjwa huweza kurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Mpasuaji huacha kiasi cha sentimita moja ya nyama chini ya chuchu. Akisafisha yote, chuchu hubonyea na mwanamume hutoka na shimo mahali palipokuwa na kilima. Damu kujikusanya chini ya ngozi ndilo tatizo la mara kwa mara, kwa hiyo bendeji ya kubana hukaa wiki kadhaa, na mvuvi hapaswi kuvuta nyavu kwa muda huo. Chuchu huweza kupoteza hisia, au kufa ikinyimwa damu, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hayo kabla ya kutia saini.

Titi kubwa lenye ngozi ya ziada ni kazi nyingine. Linahitaji mikato mirefu, na mikato mirefu kifuani ni mwaliko wa makovu manene. Huyo apelekwe kwa bingwa, na kama familia yake ina kovu la namna hiyo, aambiwe wazi kwamba huenda akabadilisha aibu moja kwa nyingine. Ufyonzaji wa mafuta, unaotangazwa na kliniki za watu binafsi katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki, huwafaa wenye mafuta mengi. Kisahani kigumu haukitoi peke yake.

Donge lisilongoja

Yote yaliyotangulia yanahimiza subira. Saratani inageuza kanuni. Katika nchi za Magharibi wanaume ni karibu asilimia moja ya wagonjwa wa saratani ya titi, na taarifa za sehemu kadhaa za Afrika zimeonyesha sehemu kubwa kuliko hiyo. Hushika zaidi walio na umri wa miaka sitini na kitu, ingawa hata vijana haiwaachi. Titi la mwanamume ni dogo, hivyo donge hufika kwenye ngozi na msuli mapema, na imani kwamba "mwanamume hashikwi na ugonjwa wa matiti" humpa muda wa kukua.

Habari njema imo ndani ya saratani hiyo hiyo. Takribani tisa kati ya kumi za wanaume huitikia homoni, na tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu kilichomo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, huendelea kuwakinga kwa miaka baada ya upasuaji. Kuondoa titi lote na tezi za kwapani ni operesheni inayowezekana katika hospitali ya rufaa yenye mpasuaji aliyefundishwa. Mwanamume aliyegunduliwa mapema hana sababu ya kuhukumiwa kifo kwa kuwa tu anaishi Uvira.

Lakini lazima agunduliwe. Ndiyo maana kila nyama inayotolewa kifuani kwa mwanamume mzima, hata ile iliyoonekana ya kawaida kabisa, inapaswa kuwekwa kwenye fomalini ya asilimia 10, katika chombo chenye dawa mara kumi ya ujazo wa nyama, na kuandikwa jina, upande na tarehe. Ikitupwa kwenye ndoo, daktari amefunga jicho lake. Ikihifadhiwa vizuri, husomeka hata ikichelewa njiani kwa wiki kadhaa.

Njia zilizokatika

Njiani ndiko shida ilipo. Bujumbura iko chini ya kilomita 30 kutoka Uvira, ukivuka Kavimvira na Gatumba. Bukavu ni zaidi ya kilomita 100 kwenda kaskazini kupitia bonde la Ruzizi na milima. Taasisi ya saratani ya Ocean Road ya Dar es Salaam iko ng'ambo ya ziwa na nchi nzima, na mashine za mionzi za Kigali, zilizoanza kazi mwaka 2019, zingekuwa karibu zaidi kama barabara zingekuwa wazi. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Februari 2025 Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 na serikali ya jimbo ikahamia Uvira. Desemba mwaka huo vita vikaingia Uvira kwenyewe. Mgonjwa anayeambiwa "nenda Bukavu" anapewa ushauri wenye vizuizi vya barabarani, vikiwa na bendera tofauti.

Matokeo yake ni kwamba chombo cha fomalini husafiri kwa urahisi kuliko mtu. Mgonjwa mmoja akisafirishwa hula akiba ya ukoo. Chombo chenye maandishi huweza kubebwa na dereva, nesi au boti. Mpango wowote wa maana kwa pwani hii uanze hapo: kifua kipimwe na kupasuliwa Uvira, nyama isafiri, na mtu asafiri pale tu jibu linapomlazimu.

Je, ni anasa?

Pingamizi linajulikana. Uvira ni mji wa kipindupindu cha mara kwa mara, mji ambao mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020 yalibomoa nyumba kwa maelfu, mji wa wakimbizi wa ndani. Nani atazungumzia kifua cha kijana anayeona haya?

Pingamizi lina nguvu likielekezwa kwenye pesa. Operesheni ya sura isipate dola moja iliyotengwa kwa mama anayejifungua au mtoto anayeharisha, na familia isiuze shamba kwa ajili ya tezi ambayo ingeondoka yenyewe. Lakini linakosea likielekezwa kwenye upimaji. Dakika tano za vidole, swali la dawa, mkono unaoshuka hadi korodani, havigharimu mradi wowote. Dakika hizo humwokoa mvulana na kisu asichokihitaji, humwonyesha mwenye homa ya ini mahali ugonjwa wake ulipo, na humfikisha mzee mwenye donge kwenye meza ya upasuaji akiwa bado anatibika. Anayewafukuza wote watatu kwa kuwa "mambo ya matiti ni ya wanawake" hajaokoa rasilimali. Amemficha mgonjwa wa saratani katikati ya wenye aibu.

Kwa hiyo kanda ya afya inayotaka kulishughulikia jambo hili haina haja ya kungoja bingwa wa upasuaji wa sura. Iwafundishe wauguzi wa vituo kupima, iwape karatasi moja ya dawa zinazoshukiwa, iweke fomalini kwenye chumba cha upasuaji, na ikubaliane na maabara moja ya kusoma nyama. Baada ya hapo kisu kitapata watu wake: wachache waliosubiri mwaka bila nafuu, na wachache zaidi ambao hawapaswi kusubiri hata wiki.